Mizabibu ya Bibi Haimwagiliwi

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Leo nimekuwa mtengeneza divai. Bado sijatengeneza, lakini nimeshatangaza.

Ilikuwa hivi. Mjomba Anselmi alikuja asubuhi na mwavuli wake (mvua hakuna tangu Juni, mwavuli upo), akakaa barazani, akamwamkia mama yake, yaani Bibi Magdalena, kisha akanyamaza. Mjomba akinyamaza baada ya shikamoo, ujue kuna ardhi. Kweli. Akasema kile kipande cha nyuma ya nyumba, chenye mizabibu, kimelala bure. Sisi Waluguru shamba ni la wanawake wa ukoo, lukolo kama Bibi anavyosema, ila mwenye kusema nani alime nini ni mjomba. Akasema dada Maria ameomba alime stroberi.

Dada Maria ni mtoto wa mama yangu mkubwa. Mama zetu wote wawili wameshatangulia. Kwa Bibi tumebaki mimi na yeye. Na binti yangu Angelina, miezi minane, ambaye bado halimi.

Mizabibu ile ni kumi na saba. Mama yake Bibi alikuwa mfuaji wa misheni, mapadre wakampa vijiti, akavichomeka kwenye mteremko. Leo vijiti vina mashina manene kama paja la Angelina, na paja la Angelina si la mchezo. Mimi nilijifunza kutembea kwa kushika mashina yale. Nilitaka naye ajifunzie palepale.

Nikasikia mdomo wangu unasema: Mjomba, mwaka huu nakamua divai nyekundu, kama ya bibi yako. Mjomba akakubali. Tutaonja wote Jumapili ya Msalaba, tarehe kumi na nne Septemba. Ikiwa ni divai, mizabibu inabaki, ni ya Joyce, na baada ya Joyce ni ya Angelina. Ikiwa si divai, Maria alete jembe.

Bibi alisema neno moja tu. "Usiimwagie maji."

Haijawahi kumwagiliwa tangu ipandwe. Mvua tu. Nikaahidi, nikiwa nimemshika mkono.

Jumatatu, 4 Agosti

Dada Maria kaja kupima shamba kwa kamba. Kapima hatua ya mwisho hadi mlangoni kwangu. Nikamwambia bado Jumapili ya Msalaba. Akasema, najua mdogo wangu, napima tu. Akaniachia bakuli la stroberi. Nilikusudia nisizile. Tamu sana! Angelina kala mbili na kumchekea Maria. Msaliti, na nimemzaa mwenyewe.

Jastin amepiga simu kutoka Dakawa. Mume wangu kazi yake ni kufungulia maji mashamba ya mpunga. Nikamweleza zabibu zetu ni ndogo, nyeusi, ngozi ngumu, ukizitazama kwa mbali unadhani mbuzi amepita. Akasema hiyo ni kiu. Mmea wowote, Mama Angelina, ni maji tu, akasema. Nikamwambia Bibi kakataza. Akasema Bibi hajawahi kulima mpunga.

Jioni nilikwenda kuitazama. Udongo umepasuka, majani yameinamisha vichwa. Juu yetu na chini yetu kila mtu ana mpira wa maji, kabichi za watu zinaoga mara mbili kwa siku, na hii mizee yetu inatazama tu. Angelina akalia, nikamnyonyesha palepale. Niliona aibu, kama mtu anayekula mbele ya wageni bila kuwakaribisha.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane! Nimeshuka Morogoro na fuso la Halidi, ambaye hununua mboga zetu na kuzipeleka sokoni mjini. Halidi ni Mwislamu safi, divai hajawahi kuionja, lakini maoni juu yake anayo mengi. Njia nzima alinifundisha namna ya kuikamua.

Kwenye maonyesho nimeona zabibu. Sijawahi kuona zabibu kama zile. Kubwa kama mayai ya kware, zinang'aa! Dada wa banda akasema zinapewa maji kila siku, tone kwa tone. Akaendelea kueleza tofauti ya zabibu za kula na zabibu za divai. Sehemu hiyo sikuisikia, maana Angelina alikuwa ameng'oa nyanya ya maonyesho, ile yenye karatasi ya nafasi ya kwanza, na ameshaiuma.

Tuliondoka haraka. Lakini nilichokuja kukitafuta nilikuwa nimeshakisikia. Maji kila siku.

Ahadi kwa Bibi ni kitu kikubwa, najua. Lakini nikipata divai nzuri Bibi atafurahi, na akifurahi hatauliza ilikuwaje.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimefanya.

Mpira wa Maria unapita juu ya shamba letu kutoka kijitoni. Alfajiri, Bibi bado yumo ndani, nikauchomoa kwenye kiungo, nikaunganisha kipande changu, nikaanza. Angelina mgongoni, amelala. Mti wa kwanza ulikunywa mpaka nikasikia udongo unagugumia. Nilitaka kulia kwa furaha. Miaka yote hiyo, jamani!

Nimenywesha kumi na sita. Wa kumi na saba uko juu kabisa, umekaa kwenye jiwe, mpira haukufika. Nikaomba radhi, nikaahidi kuuletea ndoo. Kisha mgongo ukakataa.

Niliporudi Bibi alikuwa ameshakaa barazani. Macho ya Bibi yana ukungu, hata uso wangu haoni vizuri. Akainua pua. Akauliza nani amemwaga maji.

Nikasema ni mimi, Bibi, nimefua nepi nikamwaga maji nyuma.

Akasema, nepi nyingi.

Nikasema Angelina anaharisha. Mungu anisamehe! Mtoto hana hata kikohozi. Bibi akashtuka, akaanza kumpikia uji wa mchele na kumnywesha maji ya wali kijiko kwa kijiko. Kutwa nzima. Jioni Angelina amefunga choo na ananitazama vibaya.

Jumatano, 13 Agosti

Siku ya tano ya maji. Zabibu zimevimba! Zinang'aa! Nikiziminya hazirudi ngumu kama zamani, zinacheka. Nimezipiga picha nikamtumia Jastin. Kajibu: si nilisema.

Nimempelekea Mjomba salamu kwamba aandae glasi kubwa.

Maria analalamika. Anasema mpira wake siku hizi unakohoa alfajiri, saladi zake zimelala chini. Nikamwambia pole dada, labda majani yameziba huko juu. Akapanda mlima mzima kwenda kuzibua. Mtu mnene vile. Nilimwonea huruma, lakini nilimwona pia anavyohema, nikafurahi kidogo. Naandika ukweli, hili ni daftari langu.

Alhamisi, 14 Agosti

Zimepasuka.

Sijui nianzie wapi. Nimekwenda asubuhi, nimekuta zabibu zimechanika kama midomo ya watu wenye kiu, wakati kiu hazina. Maji yanachuruzika. Nyigu wamejaa, kila shada wameketi kama wako kikao. Nimeng'atwa mara mbili, shingoni na mahali pengine.

Nilionja moja. Maji. Nikaonja nyingine. Maji, na sukari kidogo kwa mbali, kama chai ya nyumba isiyokuwa na sukari lakini kikombe kiliwahi kuwa nayo.

Nimefunga mpira. Nimemrudishia Maria kiungo chake vizuri. Labda zitajirudi hadi kesho. Kidonda cha Angelina cha chanjo kilijirudi kwa siku mbili.

Ijumaa, 15 Agosti

Sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria. Bibi huwa haruhusu shada kukatwa kabla ya misa ya leo. Tulirudi kanisani tukaingia shambani, mimi na kisu na ndoo, Bibi na fimbo, Angelina mgongoni.

Bibi alitaka kuishika yote. Akapita mti kwa mti, akipapasa shina kwanza, kisha shada. Nilitembea nyuma yake na ndoo. Mti wa kwanza, kimya. Wa pili, kimya. Vidole vyake vilikuwa vinarudi na maji, anavipangusa kwenye kanga, anaendelea. Hakuniuliza kitu. Hilo ndilo liliniumiza.

Alipofika wa kumi na saba, ule wa kwenye jiwe, akasimama. Akazishika sana. Akatia moja mdomoni, ngozi na mbegu na yote. Akasema, huu nivunie mimi, kwenye kikapu changu.

Masikini Bibi! Haoni. Kachagua mbaya kuliko zote, ndogo, zimekunjamana kama yeye mwenyewe. Nikamvunia nisimkatishe tamaa. Hazikujaza hata kikapu. Akazipondaponda mwenyewe kwa mkono kwenye chungu cha mama yake, akakifunika kwa aproni.

Aproni hiyo naijua tangu utoto. Ilikuwa ya mama yake, yule mfuaji. Ina doa la divai mbele, la zambarau karibu jeusi. Mtu aliyekuwa anatakatisha nguo za altare alishindwa kulitoa doa lile maisha yake yote. Bibi hulionyesha kama watu wengine wanavyoonyesha cheti.

Zangu zimejaa ndoo tatu. Nyingi! Nimejipa moyo. Wingi nao ni kitu.

Jumanne, 19 Agosti

Ndoo hazichemki. Chungu cha Bibi kinachemka, ukiweka sikio unasikia kinanong'ona. Mimi nikiweka sikio nasikia nyigu waliobaki.

Halidi kasema tia sukari. Nimetia. Jastin kasema labda joto halitoshi. Nimezifunika na blanketi la Angelina. Mwisho nikafikiria mwenyewe: mandazi huumuka kwa nini? Hamira! Nimetia vijiko vitatu.

Jioni zimeumuka. Povu limepanda mpaka kwenye blanketi. Nyumba nzima inanukia mandazi. Dada Maria alipita njiani, akaniita toka barabarani, akauliza kama nauza.

Ijumaa, 29 Agosti

Siku ya aibu.

Wiki iliyopita nilichuja nikatia kwenye dumu la lita ishirini. Rangi ilikuwa ya waridi hafifu. Nikafunga kifuniko kwa nguvu zangu zote ili utamu usitoke. Dumu likaanza kunenepa. Nilidhani ni dalili nzuri. Jana lilikuwa la duara. Bibi alilipapasa akasema lifungue. Nikasema nitalifungua kesho, nikifungua leo litapoa.

Leo saa sita mchana Halidi kapita kuchukua karoti kabla hajashuka msikitini. Kavaa kanzu nyeupe, imepigwa pasi. Akakaa kwenye benchi akingoja. Benchi liko karibu na dumu.

Dumu lilipolia na kurusha kifuniko, Angelina aliruka, kuku wakaenda kwa Maria na hawajarudi. Halidi alibaki amekaa. Kanzu yote imelowa, kuanzia shingo. Siku ya Ijumaa. Nilipiga magoti nikamwomba msamaha. Hakusema neno baya. Akasema, Mama Angelina, nipe shuka na sabuni.

Nikaifua mwenyewe, naomba moyoni doa litoke. Likatoka. Kwa maji ya kwanza tu! Sabuni hata sikuifikisha. Halidi akaichukua kanzu, akaigeuza juani, akafurahi sana. Akasema, umeona, haijaacha hata alama, usilie.

Sikuwa nalilia kanzu. Nilikuwa natazama ile aproni juu ya chungu cha Bibi.

Limebaki robo dumu.

Jumatano, 10 Septemba

Zimebaki siku nne. Nina robo dumu ya maji ya waridi yenye harufu ya mandazi. Ningeweza kwenda kwa Mjomba leo nimwambie ukweli: nimeimwagia, kosa ni langu, mizabibu haina kosa. Nilifika hadi getini kwake. Alikuwa anakarabati mwavuli. Akaniuliza kwa furaha, mtengeneza divai, habari? Nikasema nzuri, nimekuja kukuamkia tu.

Nikiwa narudi nikaona mama mmoja ameanika maua ya rozela uani, yale ya juisi. Nyekundu ile! Nikasimama. Nikaomba mafumba mawili.

Nimeichemsha, nimeipoza, nimeichanganya. Sasa ni nyekundu kuliko divai yoyote duniani. Nimeimwagia kidogo kwenye nepi kwa majaribio. Doa limekataa kutoka. Nimelala usingizi mzuri wa mchana kwa mara ya kwanza mwezi huu.

Jumapili, 14 Septemba

Naandika ingawa mkono hautaki.

Walikuja baada ya misa. Mjomba, mwavuli, dada Maria na bakuli jingine la stroberi. Halidi naye alikuwepo akifunga matenga ya mboga, akasogea kutazama, akakaa mbali na chupa.

Nikamimina. Rangi ilikuwa nzuri, hata Maria aliweka bakuli chini. Mjomba akainua glasi juani, akanusa, akanywa. Akanywa tena. Akasema kwa upole kabisa, wala hakuwa ananidhihaki:

"Joyce mwanangu, rozela hii umeitengeneza vizuri sana. Sasa lete hiyo divai."

Halidi akatazama chini. Maria akatazama chini. Bora wangecheka.

Ndipo Bibi akatia mkono chini ya kiti, akatoa chupa ndogo ya dawa ya kikohozi, imefungwa kwa gunzi. Akasema, onja na hii. Ilitoka nyeusi. Ilipopita kwenye glasi ikaacha ukuta wa zambarau. Mjomba alikunywa tone tu. Akavua kofia. Akaiweka gotini. Akasema ni ile ile. Amekuwa mtoto wa miaka sita, bibi yake anamchovya kidole, anamlambisha. Akampa Maria, naye akalamba. Maria akasema, jamani.

Mjomba akauliza ni ya mti upi. Bibi akasema wa kwenye jiwe.

Akauliza: na hii mingine? Vijiti vilikuwa vya siku moja, udongo mmoja, mvua moja. Imepatwa na nini?

Bibi akanishika mkono. Hakuniangalia, anasubiri tu. Mkono wake ulikuwa mwepesi, mkavu, na ulisubiri sana. Nilikuwa na maneno mawili tu ya kusema. Nimeimwagia maji. Basi. Mizabibu yote ingebaki. Lakini Maria alikuwa palepale, mpira ni wake, mlima aliupanda kwa ajili yangu. Na Mjomba amevua kofia. Na mimi ni mama wa mtu.

Nikasema, "Imezeeka, Mjomba."

Bibi akauachia mkono wangu taratibu, akaanza kumtengenezea Angelina soksi.

Mjomba kaamua. Wa kwenye jiwe unabaki, ni wa Joyce na Angelina. Kumi na sita iliyozeeka ing'olewe, Maria alime stroberi. Kasema amejaribu kuwa mwenye haki. Ni kweli, amekuwa mwenye haki kwa yale aliyoambiwa.

Jumatatu, 22 Septemba

Nilipanga kumwambia Mjomba Jumapili jana. Mvua ikanyunya kidogo, nikaona nisimsumbue. Nikasema Jumatano.

Maria kaanza leo asubuhi. Kaajiri watu wawili wenye majembe na mashoka. Bibi alikuwa barazani anasikia kila pigo. Akauliza kama wanapasua kuni. Nikamwekea Angelina mapajani, nikaenda kutazama.

Mizizi haikutoka. Walichimba mpaka magotini, mzizi unashuka. Mpaka kiunoni, unashuka. Kwenye mti wa tatu mmoja alisimama shimoni mpaka kifuani, akapapasa chini, akasema dada, huku kuna unyevu. Miti ile ilikuwa imejifuatia maji yenyewe, chini kabisa, miaka yote hiyo. Nami nilikuwa naionea huruma. Mizizi niliyoinywesha mimi ilikuwa ile midogo ya juu juu, kama nywele. Mwishowe wakachoka, wakakata mashina kwenye udongo na kufukia.

Nilikimbia kwa Mjomba. Safari hii nilisema yote, hata hamira, hata kanzu, hata nepi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema neno moja ambalo nitalikumbuka nikiwa bibi: "Ungesema siku ile, ningengoja mwaka."

Tukapanda wote wawili mbio, yeye na mwavuli wake. Tukakuta kumi na sita iko chini. Imepangwa vizuri, Maria ni mtu wa usafi. Nikamwambia na yeye, kuhusu mpira. Aliniangalia, amelowa jasho, akasema, mdogo wangu, ningekupa maji hayo ungeyaomba. Kisha akaona nalia, akanichukua kifuani kwake, na hilo ndilo lilinimaliza.

Jioni nilikaa miguuni kwa Bibi, nikaomba msamaha. Akasema alijua tangu asubuhi ile ya kwanza.

"Nepi hazinukii udongo, mjukuu wangu."

Nikauliza kwa nini hakusema mbele ya Mjomba. Akasema yeye alishavuna yake. Hii ilikuwa yangu na ya mtoto, alitaka kuona nani ataisemea.

Akanipa kipande cha shina nimwekee Angelina. Nimekiweka kwenye sanduku la nguo zake. Usiku wa leo sitaandika zaidi, wino unalowa.

Alhamisi, 9 Oktoba

Joto. Mvua za vuli hazijaja. Stroberi za Maria zimeshika vizuri, springla inazunguka kutwa. Angelina amesimama! Amesimama peke yake, akashika mzabibu wa kwenye jiwe kwa mikono miwili, akanitazama kama mwenye shamba. Nilimwita Bibi aje ashike miguu yake asikie.

Bibi kasema mti huo sasa uachwe kabisa, usiguswe, mvua ikija ikute umelala. Nimeapa. Nimeapa mbele ya Bibi, mbele ya Mjomba, na mbele ya Maria aliyesema atauangalia mpira wake. Nimejifunza, nami ni mtu mwingine kabisa. Ni mti mmoja tu tuliobaki nao duniani, siwezi kuuchezea.

Ila leo saa kumi nilipita pale. Majani ya chini yamekauka, ya juu yameinama. Jani moja dogo, changa, limejikunja pembeni kama mdomo wa Angelina akiwa na homa. Nilikaa nalo. Nililipulizia. Nikafikiri juu ya mizizi ile mirefu, nikajikumbusha yote niliyoyaona shimoni. Nakumbuka vizuri sana. Lakini huu uko kwenye jiwe! Jiwe si sawa na udongo. Yule wa shimoni hakuchimba hapa, sasa nani anajua huku chini kuna nini?

Kosa langu mara ile lilikuwa mpira. Maji ya mpira ni mengi mno. Mimi nasema kikombe. Kimoja, cha chai, jioni jioni, polepole, kama dawa. Hicho si kumwagilia, ni kulowesha koo tu. Na safari hii nimefanya kitaalamu: maji nimeyachemsha, nikayapoza, nikayafunika, kama kliniki walivyotufundisha kwa watoto wadogo. Maji yaliyochemshwa hayajawahi kumdhuru mtu.

Kikombe kiko hapa pembeni ya daftari, kimeshapoa. Bibi akiuliza, nimefua nepi.